Ng'ambo ya Mstari wa Chokaa

Lori lilikuwa limekwisha toka Kitale na Peris yuko juu yake, ameketi kwenye magunia ya mahindi, mji ameupa mgongo. Kwa hiyo alipofika kunigombeza alikuwa tayari ni mtu aliyekwenda. Lilisimama mbele ya kambi yetu, maili tano nje ya mji kwenye njia ya Kimilili, kwa sababu dereva, Mukhisa, alikuwa mjomba wake, na hakuweza kumnyima mpwa wake dakika kumi. Injini hakuizima. Nilielewa maana ya injini ile.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya kibanda namba sita, blanketi mabegani, nikingojea kuumwa.

Niseme ilivyokuwa. Ni mwezi wa kumi, mwaka wa hamsini na saba. Mafua makali yalikuwa yamepita kwenye mashamba ya wazungu na kwenye vijiji, yakaondoka na wazee na watoto wachanga, na watu walisema yatarudi. Madaktari walikuwa na chanjo mpya, lakini hawakujua kama inafanya kazi. Kungoja mafua yarudi yenyewe ndio waijaribu, hapo ungepita mwaka, pengine miwili. Basi wakatafuta vijana wazima, wasiokohoa, wasio na homa, wakubali kuambukizwa kwa makusudi. Tulikubali kumi na sita. Nusu walidungwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua yake ni ipi, hata Bramwel, yule dresa, msaidizi wa daktari, aliyetudunga. Wiki mbili baadaye tulilazwa chali, tukatiwa virusi puani kwa matone. Vilikuwa vimekuzwa ndani ya mayai, na ladha ya yai bichi ilinikaa kooni mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa siku tatu kabla lori halijasimama. Tuliishi wawili wawili kwa kibanda. Mbele ya vibanda, hatua thelathini, palipigwa mstari wa chokaa. Mgeni asimame ng'ambo ile, sisi tubaki huku. Atakayevuka anatolewa, na mwenzake wa kibanda anatolewa naye, kwa sababu hesabu yao imeharibika. Atakayemaliza siku zote ishirini na nane atapewa barua ya kwenda kusomea udresa.

Peris alishuka kwenye magunia bila kushikwa mkono. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe kwa fundi mmoja Mhindi wa Kitale, alikokuwa akitia vifungo na mapindo. Nilimjua huko, nilipopeleka suruali iliyochanika mfuko. Aliutazama ule mfuko akaniuliza, "Wewe hubeba nini, mawe?" Nikarudi na suruali nyingine iliyokuwa haina tatizo lolote.

Sasa alikuja mpaka kwenye chokaa akasimama. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa amelia tangu jana, akachoka kulia.

"Kiplagat."

"Peris."

"Paza sauti, sisikii. Si mmepangwa huko kama ng'ombe wa dipu wakingoja kuogeshwa dawa."

"Nimesema Peris!"

"Jina langu nalijua. Nataka unieleze habari ya Jumamosi ile."

Niliinamisha kichwa. Jumamosi ile nilikuwa niende kwao Lugulu na wazee wangu wawili kutoka kwetu mlimani, kujulishwa. Siku mbili kabla, daktari alikuja kwenye kiwanda cha mbao nilikokuwa nikifanya kazi, akatupima vifua, na Ijumaa asubuhi nikapanda gari lake.

"Wajomba zangu waliketi tangu saa tatu," alisema. "Kuku watatu walichinjwa. Saa tisa mjomba mmoja akauliza, huyu mtu ana miguu kweli? Watu wakacheka. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa jikoni nawaambia ati mvua, ati mto Kuywa umejaa. Nikakusemea uongo mpaka jioni, Kiplagat. Na wewe ulikuwa hapa unapimwa kifua."

"Nilikuwa nikuandikie."

"Uliandika?"

"Hapana."

"Karatasi hakuna?"

"Karatasi ipo. Kuandika pia najua. Nilikosa uso tu."

Kutoka dirisha la kibanda chetu Kipruto, mwenzangu, akatoa kichwa. Huyo hakuwahi kunyamaza mahali panapozungumzwa.

"Dada, umsamehe! Analala akiita jina lako. Mimi silali!"

"Wewe nani alikuuliza?" Peris akamjibu.

"Basi nimejiuliza mwenyewe," akasema, akarudisha kichwa.

Peris alijifuta pua kwa upande wa kiganja. Nilimtazama alivyokuwa akijifuta, nikatamani mikono yangu iwe mirefu. Hatua thelathini si mbali. Mtoto anatupa jiwe likazipita. Lakini hatua hizo nilizipima kwa macho mara nyingi mchana huo, na kila nikipima naziona zimeongezeka.

"Mama ndiye yuko pale ndani ya lori, kando ya dereva," alisema. "Amekuja kunichukua. Cherehani nimerudisha, chumba nimerudisha. Kuna mwalimu wa kilimo Mabanga, amezungumza na wajomba. Mtu mpole. Ana nyumba ya bati."

"Unampenda?"

"Simjui. Lakini Jumamosi yake alikuja."

Niliitazama chokaa.

"Nisikilize," alisema, na sauti ikashuka, ikabidi nisogee ngazi ya chini nisikie. "Mama hajasema ndiyo kwa mwalimu. Anasema kwanza aone kama huyu wa mlimani ni mtu au ni hadithi yangu. Vuka tu. Njoo mpaka kwa lori, umsalimie, umwambie unanitaka. Maneno matano. Halafu urudi kwa ugonjwa wako."

"Nikivuka nimetolewa."

"Ndio utolewe! Umeacha kazi ya maziwa. Umeacha reli. Umeacha kwa yule Singasinga wa matofali, umeacha shule tatu. Kazi sita, saba, uliacha bila hata kufikiri. Hii moja tu imekushinda kuacha?"

Nilihisi maneno yale yameingia mahali hasa palipostahili. Darasa la kwanza nilisoma Kapsokwony, la pili Kimilili, la nne nusu, la tatu sijui lilipotelea wapi. Hakuna kitu nilichokuwa nimekishika mpaka mwisho. Nilikuwa mtu wa kuamka asubuhi na kuona barabara ni nzuri kuliko nyumba.

"Ndiyo sababu," nikasema.

"Sababu gani?"

"Nimalize kitu kimoja. Nipate barua, niwe dresa, nikae mahali. Nikija kwenu nije na jina la kazi. Ungeolewa na mtu wa mifuko mitupu?"

"Nilikuwa nakushonea hiyo mifuko! Nilikuuliza kama ina pesa?"

Akageuka kidogo, nikaona shingo yake, nikaona kifungo kimoja cha mgongoni amekiruka kwa haraka ya kuondoka. Sijui kwa nini kifungo kile ndicho kilichonimaliza.

"Peris, si barua peke yake," nikasema. "Nina virusi mwilini."

"Wewe ni mzima. Nakuona."

"Naonekana mzima. Ndiyo kazi yenyewe. Kama nilipewa chanjo, sina kitu. Kama nilipewa maji, inaweza kuanza leo, inaweza kesho, na tayari ninapumua sumu. Sijui. Hata daktari hajui. Nikija kwa lori nitampumulia mama yako. Si uliniambia ana kifua kibaya?"

Kifua cha mama yake alikijua. Alikuwa akikisikiliza usiku tangu utotoni.

"Unaona ulivyo?" alisema baadaye, taratibu. "Hata huruma yako imekaa mahali inanichelewesha."

Mukhisa akapiga honi mara moja. Haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Peris, mwanangu! Bungoma ni mbali, na haya mahindi treni haitayangoja!"

"Nakuja, Mjomba!"

Lakini kabla hajageuka, mlango wa lori ukafunguka, na mama yake akateremka. Tulimwita Mama Agneta, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mama mfupi, mpana, amejifunga leso mbili, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kukagua ng'ombe aliyeambiwa ni mnono.

"Mama, ngoja!" Peris akasema. "Usimame hapo, kuna mstari!"

"Mstari wa nini? Nimetoka Lugulu nimekuja kuona mtu, nitaonyeshwa mstari?" Alikuwa akija huku akipumua kwa kelele. "Yuko wapi huyo Kipurakati? Ni yule aliyejifunika kama kifaranga? Hao watu wa mlimani hawana adabu, nilisema. Mtu anaitwa kwa watu haji. Wacha nimuangalie machoni, anieleze yeye mwenyewe."

Akaikanyaga chokaa, akaivuka kana kwamba ni unga uliomwagika.

Bramwel alitoka mbio kwenye chumba cha dawa, kitambaa kimefungwa usoni, akapiga kelele, "Mama rudi! Rudi! Kiplagat, funika mdomo! Ondoka! Ondoka hapo!"

Nilisimama. Mama Agneta alikuwa amebakiza hatua kumi na tano, akija moja kwa moja, macho yamenikazia. Nilivuta blanketi nikajifunika uso wote, nikaruka ngazi, nikakimbia. Sikukimbia vizuri. Blanketi lilinifunga miguu, nikazunguka kibanda, nikapita katikati ya nguo za Kipruto zilizoanikwa, nikajitupa nyuma ya tangi la maji nikiwa bado nimejifunika, na suruali ya Kipruto iko begani.

Bramwel alisimama mikono ikiwa juu.

Kisha nikasikia kicheko. Cha mwanamke mzee, kinachokatwakatwa na kikohozi, lakini kicheko cha furaha kabisa.

"Mmemuona? Mukhisa, umemuona? Amenikimbia! Amejifunika uso akanikimbia!"

Mimi nyuma ya tangi sikuelewa. Kwetu mlimani mambo tuliyafanya kwa namna yetu. Lakini kwa Wabukusu, watu wa Peris, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani, hawakai nyumba moja. Mkwe akimwona mama mkwe njiani anaingia kichakani, na mwenye adabu sana hujifunika. Hii niliisikia baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mama aliyekuja kwa hasira, na sasa anapiga makofi.

"Nani alimfunza?" alisema. "Wa kwetu wenyewe, hawa vijana wa siku hizi, wanakuja kunishika mkono, ati shikamoo Mama, na jasho lao. Huyu wa mlimani amenipa heshima ambayo mume wa Agneta mpaka leo hajanipa!"

Nilichungulia kwa tundu la blanketi. Mama Agneta alikuwa amesimama. Alivuta leso yake moja akajifunika kichwa na uso, akaanza kurudi nyumanyuma kuelekea lori, kwa sababu sasa na yeye ilimbidi anikimbie. Mama wa watu alikuwa akirudi kinyume, akipapasa kwa mguu, na Peris, aliyekuwa amevuka kumfuata, akimwongoza kwa kiwiko.

"Mama," Bramwel akaanza kusema, "si hivyo, huyu kijana ana—"

"Bramwel," Peris akamkatiza. Hakusema neno lingine. Bramwel alikuwa mtu wa Kanduyi, alizijua desturi zile kwa ukamilifu. Alimtazama Peris, akanitazama mimi nyuma ya tangi, akashika kiuno.

"Sijaona kitu," akasema, akarudi ndani.

Mama Agneta alifika kwenye chokaa, akavuka, akageuka, akasimama mgongo umenielekea.

"Peris, mwambie huyo mtu," alisema kwa sauti kubwa, maana tangu hapo hakuweza kusema nami moja kwa moja, "mwambie wazee wake waje kabla ya Krismasi. Na safari hii waje. Mwalimu wa Mabanga nitamwambia wajomba walikosea. Nitasema binti ana mwenyewe."

"Nimesikia, Mama."

"Si wewe usikie. Yeye."

"Nimesikia!" nikapiga kelele nyuma ya tangi.

"Asinijibu mimi!" mama akasema kwa furaha, akapanda lori huku Mukhisa akimsukuma kwa heshima.

Nilitoka polepole, nikasimama kwenye ngazi. Peris alibaki peke yake kwenye mstari. Alikuwa akicheka, lakini kwa mdomo tu. Macho yalikuwa bado yamechoka vilevile.

"Wewe ulijua?" aliuliza.

"Nilijua nini?"

"Desturi yetu. Ulikimbia kwa adabu, au ulikimbia kwa ugonjwa?"

Kipruto akanong'ona dirishani, "Sema adabu. Bana, sema adabu, uoe tulale."

Lingekuwa jambo rahisi. Neno moja, na yeye angepanda lori akiimba. Lakini nilikuwa nimekwisha mwachia anisemee uongo mbele ya wajomba zake siku nzima, na sikuona haki ya kumpa uongo mwingine aubebe mpaka Lugulu.

"Yote mawili," nikasema.

"Hapana. Moja."

"Ugonjwa."

Aliitika kwa kichwa, mara mbili, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta ni pungufu, lakini kitambaa ni hicho hicho.

"Mama ataamini adabu mpaka afe," alisema. "Mimi nitajua."

"Utaningoja?"

"Siku zako zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Maliza kwanza," alisema. "Sijawahi kukuona umemaliza kitu. Nikikuona, nitakwambia."

Hakuniaga kwa mkono. Alipanda magunia, akaketi, na safari hii uso ulielekea nyuma, kwangu. Lori liliondoka. Nilimtazama mpaka gauni la kijani likapotea kwenye vumbi, na bado nilibaki nimesimama, kwa sababu kuketi kulionekana ni kazi.

"Ungesema adabu," Kipruto alisema.

"Nyamaza, Kipruto."

Saa kumi na moja jua likiwa bado lipo nilianza kutetemeka. Mifupa ilikuwa kama imepigwa, pua ikafunga, kichwa kikawa kizito. Bramwel alikuja na kipimajoto, akakitazama kwa muda, akaandika.

"Maji," akasema. "Wewe ulipewa maji."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa nimefurahi kwamba nilikimbia, na sikuwa na nguvu ya kufurahi. Nililala siku tano.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu.

Kipruto hakupiga hata chafya, ingawa tulilala chumba kimoja. Alikuwa na chanjo. Barua alipewa, hakuitumia. Aliendesha trekta Endebess, nalo lilimwangukia mwaka wa sabini na moja.

Katika sisi kumi na sita waliugua saba. Watano ni wa maji, wawili wa chanjo. Madaktari waliandika ripoti yao, wakafunga vibanda mwezi wa kwanza. Chanjo iliyoletwa baadaye katika zahanati zetu ilikuwa nyingine, imetengenezwa mbali, na hakuna aliyewahi kuniambia kama ile yetu ilisaidia kitu.

Bramwel alistaafu, akarudi Kanduyi kulima. Mukhisa aliuza lori. Mwalimu wa Mabanga alioa msichana wa Misikhu, na walikaa vizuri.

Mama Agneta aliugua mafua majuma matatu baada ya siku ile. Wakati huo yalikuwa yamerudi kila mahali, kwa hiyo hayakuwa yangu, nadhani. Alipona. Aliishi miaka ishirini na miwili zaidi, na kwa miaka hiyo yote hatukutazamana uso. Nilipokuwa dresa wa karibu naye alikataa nimguse. Peris ndiye aliyemdunga sindano, nikimfundisha nikiwa nje ya nyumba. Alikuwa akiwaambia majirani hakuna mkwe kama mimi. Hakuna aliyemwambia sababu.

Nilimaliza siku ishirini na nane. Wazee wangu walikwenda Lugulu tarehe ishirini Desemba, na mimi nilikwenda nao. Peris aliniambia ndiyo mlangoni, kabla wajomba hawajaketi. Tulioana mwezi wa pili. Udresa niliufanya miaka kumi na tisa, mahali pamoja kwa miaka minane, halafu miguu ikaanza tena, nikaomba uhamisho, na uhamisho mwingine. Vituo vitatu alinifuata. Cha nne alisema hapana, akabaki Kanduyi na cherehani na watoto wetu watatu. Hatukuachana. Nilikuwa nikienda, narudi, naenda. Aliacha kuniuliza zimebaki siku ngapi.

Alifariki mwaka wa tisini na nne, mwezi wa nane, kwa ugonjwa wa moyo. Habari ilinikuta Kapenguria. Nilifika siku mbili baada ya mazishi.